Chupa Iliyofungwa Gunia

Oktoba ya Lubumbashi haina adabu. Mvua inajivuta, vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu, na hata mbwa wa kambi ya wafanyakazi wanashinda ndani ya mitaro. Sasa akuambie mtu kwamba siku kama hiyo, saa sita ya mchana, kuna wanaume wazima wanajifungia ndani ya magari na kuzunguka barabara za mji wakikimbizana! Mume wangu alikuwa mmoja wao. Kazi yangu mimi ilikuwa kumzuia asiive.

Siku za kazi alikuwa mtu wa tanuru kwenye kampuni ya shaba. Siku za mashindano aliendesha gari la sitwayeni mmoja, ndivyo tulivyoitana wakati ule badala ya bwana, mwenye maduka, mnene ndani ya suti yake ya abakos, mtu wa kucheka na kila mtu huku macho hayacheki. Gari lilikuwa zee, na joto la injini lilipanda kupitia sakafu mpaka mume wangu akawa anakata vipande vya katoni na kuvitia ndani ya viatu. Wakati wa mashindano aliruhusiwa kusimama kidogo ubavuni mwa barabara, chini ya turubai, ile bashi tuliyofunga kwenye miti minne. Hapo makanika walikuwa na pipa la maji lililojaa magunia. Gunia moja juu ya paa la gari, jingine mgongoni mwa kila makanika, na taulo mbichi kwa shingo ya dereva.

Chupa ilikuwa yangu. Tanuruni wanaume wanakunywa maji yenye chumvi, kwa sababu jasho linatoka na chumvi ya mwili, na mume wangu alisema maji matupu yanadanganya koo tu. Basi nilichemsha maji, nikatia chumvi, sukari kidogo na ndimu, nikajaza chupa mbili. Kila moja niliishonea koti la gunia, nikalilowesha, nikaitundika mahali upepo unapita. Friji ya masikini hiyo, na inafanya kazi, usicheke.

Kwetu, anayempa mtu kinywaji anaonja yeye kwanza. Unapiga funda moja mgeni akikuona, ndipo unamkabidhi. Nyumbani hiyo ni adabu tu. Kwenye mashindano ilikuwa sheria, maana dereva akishindwa watu walitaja injini mara moja na buloji, yaani uchawi, mara kumi, na kila upande uliamini upande mwingine una mtu wa kutia dawa kwenye maji. Kwa hiyo kila gari liliposimama, nilionja mbele ya macho ya wote, kisha nikaipitisha chupa dirishani.

Sasa mama mkwe. Huyu alitoka Kasai kuja kutusalimia baada ya ndoa, akasalimia mpaka akahamia. Mimi ni mtoto wa Kipushi, na yeye alikuwa amemwekea mwanawe binti wa kwao. Miaka ikapita bila mtoto, akaanza kuchunga mikono yangu. Nikipika, anakaa kigodani akitazamana na chungu. Siku moja nilirudi kutoka bombani nikakuta sahani yangu na ya mume wangu zimebadilishwa nafasi. Nikakaa, nikala iliyokuwa mbele yangu. Na kwa majirani alisema, sauti ikiwa ya kunifikia vizuri: "Siku mutoto yangu ataanguka, minajua fasi ya kuuliza." Ndiyo maana nilijua kabisa: mume wangu akianguka, nitarudi Kipushi na jina la muloji, na jina hilo halitoki kwa sabuni.

Na mimi nilikuwa nikimchunga yeye vilevile. Mimba mbili zilikuwa zimenitoka, na mara zote mbili yeye alikuwa wa kwanza kuambiwa. Ungekuwa wewe ungewaza nini? Basi Oktoba ile nilikuwa na ya tatu, ya mwezi wa pili, na sikumwambia mtu. Mume wangu nisingemwambia. Yule hana siri mbele ya mama yake. Watu husema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nikificha ndiyo nizae.

Shida ilikuwa moja. Tangu mtoto huyo aingie, harufu ya maji ya chumvi ilinigeuza tumbo.

Gari liliposimama mara ya kwanza, uso wa mume wangu ulikuwa umevimba kwa joto. Makanika walitupa gunia juu ya paa, mvuke ukapanda. Nikapeleka chupa mdomoni, nikainamisha, midomo nimeibana. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa juu ya bidoni tupu ya mafuta na mwavuli wake, akasimama.

"We! Koo haikutembea."

"Nimeonja, mama."

"Haukuonja. Umebusu chupa tu. Onja mbele, miye nione!"

"Mama, muache alete mayi, bantu banapita!" mume wangu akapiga kelele kutoka ndani ya gari.

Mama mkwe alininyang'anya chupa, akainusa, akaimwaga yote chini. Nilitaka kumrarua, nakwambia. Yule sitwayeni mwenye gari akawa tayari na jagi lake la maji ya barafu, akaonja yeye mwenyewe kwa maringo, akampa. Mume wangu akakata jagi zima, maji matupu, akaondoka. Nilisema, "Hayana chumvi."

Tukangoja. Makanika, vijana niliowapikia bukari, ugali wetu, mara ngapi, wakajisogeza upande wa pili wa bashi. Mmoja aliitazama chupa ya pili iliyokuwa bado inaning'inia, akazunguka mbali asiiguse. Mimi nikamtazama mwenye gari. Mpwa wake, aliyelitaka gari lile siku nyingi, alikuwa tayari amevaa kaske ya dereva kichwani. Nikajiuliza, jagi lile lilijazwa na nani? Ukishaanza kushuku hakuna anayebaki msafi.

Mara ya pili gari lilikuja kombo, likagusa pipa. Mume wangu hakuweza kufungua vidole vyake kutoka kwenye usukani. Makanika walivibandua kimoja kimoja, wakamtoa, wakamlaza juu ya magunia mabichi. Miguu ilikuwa imejikunja kwa mkazo wa misuli, naye analia, mwanaume wa tanuru. "Balimupatia sumu," mtu akasema. Mpwa akaingia ndani ya gari akaondoka nalo, na wala hatukumwangalia.

Mama mkwe hakulia. Alinigeukia mimi. "Asubui ulimukulisha nini?"

"Ni chumvi anayotaka, mama! Hata tanuruni huwa wanapatwa hivi. Mumpe ile chupa."

"Kunywa weye."

Nikaitungua chupa. Sikuonja, nilikunywa, funda kubwa kwa funda kubwa, kwa hasira, macho yangu ndani ya macho yake. "Haya, koo inatembea? Unaona vizuri?"

Tumbo halikunipa hata nafasi ya kufurahia. Nilitapika yote palepale, juu ya kikwembe alichojifunga kiunoni.

"Munaona!" mwenye gari akapaza sauti. "Tumbo yake yenyewe inakatala!" Makanika mmoja akanishika mkono kwa nguvu. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, Kipushi nakuja.

Mama mkwe hakujipangusa. Alitazama chini, akatazama uso wangu, kisha akatazama shimo la shingo yangu, pale mshipa unapodunda kwa mwanamke mwenye mimba, pale wamama wetu wanapoangalia kabla hawajauliza. Kutwa nzima alikuwa akiitazama shingo hiyo, lakini akitafuta kitu kingine.

"Muachilie," akamwambia makanika.

Akachukua chupa mkononi mwangu, akanywa mbele ya wote, koo lake likitembea. Kisha akapiga magoti, akamnywesha mwanawe kidogo kidogo, akimkanda miguu, mpaka vidole vikaanza kufunguka. Alipomaliza akanisogelea karibu sana.

"Tangu lini?" Sauti ilikuwa ya chini, watu wasisikie.

"Huu ni mwezi wa pili."

"Na miye ulinificha?"

"Mama, ni weye nilikuwa naogopa."

Nilingoja matusi.

"Na miye nilikuwa naogopa weye," akasema.

Akazamisha mkono ndani ya pipa, akatoa gunia, akalikamua, akanizungushia shingoni. Lilikuwa baridi mpaka nikafumba macho. Lakini kabla ya kuyafumba, nisikudanganye, niliangalia kwanza mkono wake wa pili umeshika nini. Ulikuwa mtupu.