Raketi Nzito ya Mbeti

Pale soko la mitumba la Gikomba, mtu akitaka kujua kama kiatu ni cha maana au ni takataka, alimpelekea Mbeti. Mimi huuza mikoba kwenye kibanda kinachopakana na chake, na nimemwona akifanya kazi hiyo miaka mingi. Alikuwa anafumba macho, anaweka kiatu juu ya kiganja, anakipandisha na kukishusha kidogo. Kikiwa chepesi, alikitupa. "Hii karatasi," angesema. Kikiwa kizito, alikipiga busu kwa mzaha na bei ikapanda hapo hapo.

Hakuwa akikosea. Hilo ndilo lililomvimbisha kichwa, nasema mimi niliyempenda kama dada.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Wavinya, wakiishi chumba kimoja huko Kayole. Msichana huyo alijifunza tenisi kwenye uwanja mkuukuu kando ya ukumbi wa mtaa, kwa mzee Kweyu, karani mstaafu aliyefundisha watoto kwa raketi za kuazimana. Basi ikaja habari: shule moja ya bweni ingechagua wasichana kwa kuwashindanisha tenisi, na watakaochaguliwa wangesoma bure mpaka wamalize sekondari. Mbeti hakuwa na njia nyingine. Wavinya akikosa nafasi hiyo, angemaliza gredi ya tisa na kuja kukaa nasi vibandani.

"Mama Wavinya, kila mtoto aje na raketi yake," Kweyu alimwambia. "Mtafutie nyepesi, na nyuzi zisikazwe sana. Tena usinunue kabla sijaiona."

Kisha Kweyu akafiwa na kaka yake, akasafiri kwao Vihiga kuzika, na ukumbi wenye zile raketi zake ukabaki na kufuli.

"Ati nyepesi!" Mbeti aliniambia huku akicheka. "Huyo mzee amewahi kufungua mtumba gani?"

Asubuhi moja jirani yetu Ndolo alifungua mtumba wa vifaa vya michezo. Vitu bora, vile ambavyo sokoni tunaviita kamera, aliviweka kando kabla watu hawajavigombania. Kulikuwa na raketi mbili. Moja ya buluu, nyembamba. Nyingine nyeusi, mpini wake umezungushiwa ngozi, nzito kama mchi.

"Siste, zote ni kamera," Ndolo akasema. "Lakini kama ni ya msichana, hii ya buluu ndiyo mashori hupenda."

Mbeti alifumba macho, moja kiganja hiki, moja kile. "Ya buluu ni plastiki, Ndolo. Usinichezee."

"Si mwalimu alisema nyepesi?" nikamuuliza.

"Mwalimu anajua kucheza. Vitu najua mimi."

Akaipeleka ile nyeusi kwa fundi wa nyuzi na kumwambia akaze mpaka zilie, kwa maana kwake kitu kilicholegea ni kitu kilichochakaa. Jioni akampa mtoto na kumsimulia jinsi alivyoikataa ile ya buluu.

"Mathe, hii ni noma!" Wavinya akaruka kwa furaha. "Ni orijino?"

"Shika uone uzito."

Wavinya akawa anapiga mpira ukutani kila jioni, peke yake. Haukupita muda nikamwona anabeba ndoo kwa mkono wa kushoto, hata chai anakunywa kwa mkono huo. Nilipomuuliza alisema ameulalia mkono vibaya, anti, utapona. Nikamwambia mama yake. Mbeti akamkanda kwa maji moto na kusema mkono unazoea kazi.

Siku ya mashindano tulifunga vibanda, tukaenda. Kweyu alikuwa amerudi asubuhi ile ile, macho mekundu kwa safari. Wavinya alianza vizuri. Mimi sijui wanavyohesabu mchezo ule, lakini mwenzake alikuwa anakimbizwa huku na huku mpaka nikaanza kupiga vigelegele. Kisha Wavinya akapiga mpira mmoja, akalia kwa maumivu, na raketi ikaanguka. Aliiokota kwa kushoto, akaiweka katika mkono wa kulia, na vidole vikakataa kufumba.

Kweyu aliingia uwanjani akaichukua. Niliona mkono wake ukishuka kwa uzito.

"Hii ni ya mwanamume mzima," alisema kwa hasira. "Nani alichagua hii?"

Mbeti alifungua mdomo. Mtoto akamtangulia.

"Ni mimi, mwalimu. Mathe alitaka ya buluu, mimi nikakataa."

Mbeti akafunga mdomo. Hakusema lolote pale, wala kwa daktari aliyetuambia kwamba mshipa wa kiwiko umechanika, kwamba mtoto alipaswa kuletwa mapema, kwamba ataandika na kupika lakini tenisi aisahau. Nilimkasirikia Mbeti kwa kunyamaza kule, na bado namkasirikia. Nafasi ilienda kwa msichana mwingine.

Siku hizi Mbeti hapimi kiatu cha mtu. Watu wakimletea anawaambia waende kwa wengine, na wengi wanadhani ameanza kuringa. Wavinya alimaliza gredi ya tisa na yuko naye kibandani, anafuta viatu vumbi kwa mkono wa kushoto. Ni mchangamfu, wateja wanampenda, na hilo linaniuma kuliko kama angekuwa analia.

Juzi kijana mmoja alisimama akaokota kiatu. "Hii ni orijino ama ni feki?"

Mbeti alinitazama mimi. Wavinya akakichukua kiatu, akakiweka juu ya kiganja cha yule kijana.

"Funga macho," akamwambia. "Shika uone uzito."

Mbeti aliinama chini ya meza kana kwamba anatafuta mfuko wa kufungia. Kijana alilipa, akaondoka na kiatu chake mkononi, na Mbeti alikuwa bado ameinama.