Mama Nasra Anatoa Solo

Mimi hupiga besi. Mpiga besi husimama nyuma, karibu na ngoma, na ukiacha besi yenyewe, kazi yake kubwa ni kutazama migongo ya watu. Mgongo wa Kuluthumu Mbwana nimeutazama kila Ijumaa kwa zaidi ya miaka ishirini, na sidhani kama marehemu mumewe aliwahi kuujua hivyo. Akifurahi, bega la kushoto hupanda. Akikasirika, yote mawili hushuka. Akijiandaa kuingia kwenye wimbo hutulia, kichwa akakiinamisha kidogo kulia, upande anaosimama Mzee Batholomeo na gitaa la solo, akisubiri kuitwa.

Huko kuitwa inabidi nikueleze, maana ndiko kulikoleta balaa. Bendi yetu inaitwa Nyikani Jazz. Jina tulilikuta. Zamani bendi yoyote yenye magitaa na tarumbeta iliitwa jazz na hakuna aliyehoji. Waasisi wote wameshazikwa, sisi tumebaki na nyimbo zao, ambazo vijana huziita zilipendwa, kana kwamba kuna mtu aliyeacha kuzipenda. Sasa katika nyimbo hizo, kabla mwimbaji hajafungua mdomo, Batholomeo huwa na kijipande anachokidonoa kwenye nyuzi nyembamba, kifupi tu, hata wachezaji ukumbini hawakisikii. Kwa Kuluthumu ilikuwa hodi. Akiisikia, anaingia. Hakuwahi kuhesabu mapigo maishani mwake.

Alizaliwa Kolo, kule Kondoa, kwa baba mkulima wa alizeti aliyekuwa na redio na hakupenda iguswe. Nyimbo alizijua akipukuchua mahindi, redio ikiwa ndani na yeye nje dirishani. Madrasani alikuwa akiongoza kaswida, na mwalimu alimtabiria makubwa. Baba yake alipokuja kusikia kwamba anaimba kwenye bendi Dodoma mjini alisema sauti nzuri imepotea njia, kisha akauliza kama walau wanamlipa. Hakulisema tena.

Mchana hushona mapazia. Serikali ilipohamia Dodoma nyumba zilichipua Area D na kwingineko kama uyoga, na kila nyumba ina madirisha, na kila dirisha lina mama mwenye nyumba asiyetaka kufanana na jirani. Kuluthumu amewashonea wakurugenzi, amewashonea madereva wa wakurugenzi, na anasema wasumbufu ni hao madereva. Ijumaa anafunga cherehani mapema, anavaa gauni lake la bluu, anakuja kuimba. Hayo ndiyo maisha yake, na hakuwa akiyalalamikia.

Ila jambo moja lilimkera, nami nililijua kwa mabega. Watu humsimamisha sokoni wakamwambia, "Wewe si yule dada wa bendi?" Anaitikia, anatabasamu, mabega yanashuka. Santuri zetu zilizowahi kurekodiwa zimeandikwa Nyikani Jazz, basi. Jina la Kuluthumu Mbwana halikuwa mahali popote.

Aliyemtia moto ni Sabrina, binti wa kaka yake, anayesoma chuo kikuu hapa hapa Dodoma. "Shangazi," alimwambia, "wewe toa solo. Uchague zilipendwa zako kama nane, jina lako juu, picha yako juu. Siku hizi kila mwimbaji wa bendi anatoa solo." Kuluthumu alijifanya kukataa kwa muda wa chai moja. Kisha akamtafuta Castory, kijana mwenye studio Area D, wakapatana.

Sabrina kwa furaha yake akaomba aingizwe kwenye kundi la bendi kwenye simu, akaandika: "Jamani, Mama Nasra anatoa solo mwezi ujao. Naomba tumpe sapoti." Nasra ni mtoto wa Kuluthumu, na kwenye bendi jina hilo ndilo tunalomwitia. Tukampongeza kila mtu kwa namna yake. Mzee Batholomeo akajibu neno moja: "Sawa."

Ijumaa iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata hiyo. Kijana wa gitaa la ridhimu akajaribu kupiga solo, na yaliyotokea tuyaache.

Nilidhani anaumwa. Kuluthumu alidhani ana kijicho. "Mtu umepiga naye nusu ya umri wako," alisema, "siku unapata chako, anakununia." Nikamwambia ampigie simu. Akasema mkubwa ndiye apige. Nikampigia mimi, akapokea mkewe, Anyesi, akasema mzee yuko kwa mbuzi. Nilipopiga tena, bado alikuwa kwa mbuzi. Watu wazima wawili, kila mmoja na simu mfukoni, wakanyamaziana kama wake wenza.

Siku ya studio ikafika bila solo. Castory ni fundi mzuri, simlaumu. Alikuwa na chumba kilichowambwa magodoro ukutani, na kinanda kinachoweza kuigiza chochote ukitakacho, hata gitaa la Batholomeo, alivyodai. Mimi nikapiga besi, kinanda kikapiga kilichopiga, na ulipofika mwanzo wa wimbo Kuluthumu akainamisha kichwa kulia. Akasubiri. Wimbo ukampita.

Tukarudia, ukampita tena. Tuliporudia mara nyingine aliwahi mno. Castory akasema, "Mama, usijali, nitakuhesabia," akahesabu moja mpaka nne, na Kuluthumu akaingia mahali penyewe hasa. Alisikika kama mtu anayesoma tangazo la kikao cha shule. Alijua. Alivua hedifoni, akazilaza taratibu juu ya kiti, akaniambia, "Matonya, nipeleke Buigiri."

Batholomeo anaishi Buigiri, si mbali na ile shule ya watoto wasioona, ambako alikuwa akienda kuwapigia gitaa kila walipomwomba. Tulimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, miguuni pana jua. Ilikuwa Julai na upepo wa Dodoma ukichonyota. Anyesi akatupokea kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akatuletea chai. Mzee alishika kikombe chake kwa viganja viwili, kama anayeota moto, nami nikasema moyoni kweli baridi ya mwaka huu ni kali.

"Shikamoo, kaka Batho."

"Marahaba."

Mbuzi wakawa ndio wanaoongea.

"Hatukuoni Ijumaa," Kuluthumu akasema mwishowe.

"Mnione nafanya nini? Si solo imetolewa?"

"Imetolewa na nani?"

"Na wewe, Mama Nasra. Nimesoma mwenyewe, na miwani nimevaa. 'Mama Nasra anatoa solo.' Tena tukaombwa na sapoti. Yaani mtu anafukuzwa halafu anaombwa apige makofi."

Nilicheka. Nilijaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, sikuwahi. Lakini nilipomtazama yule mzee kicheko kilinikauka, maana nilimkumbuka Sostenes. Sostenes alikuwa mpiga tarumbeta wetu. Mwaka ambao mwenye ukumbi alisema vyombo vimezidi, kiongozi wa wakati huo alisimama mbele yetu akatangaza, "Tunatoa tarumbeta." Maneno hayo hayo. Sostenes aliifunga tarumbeta yake kwenye kitambaa, akatuaga mmoja mmoja, akaenda zake Manyoni. Batholomeo ndiye aliyemsindikiza stendi. Sasa mtu kama huyo umwandikie kwamba solo inatolewa, na solo ndiyo yeye, ulitaka aelewe nini?

Kuluthumu hakucheka. "Kaka Batho, hicho ni Kiswahili cha chuo. Kutoa solo ni kutoa albamu yako mwenyewe. Si gitaa. Solo maana yake ni peke yangu."

"Peke yako."

"Ndiyo."

"Bila sisi."

Kuluthumu akakizungusha kikombe chake.

"Basi nilisoma sawasawa," akasema Batholomeo, akanywa chai yake.

Nilitamani kuondoka. Tungekuwa katikati ya wimbo, hapo ndipo ningeshusha sauti ya besi, nijifiche. Mabega ya Kuluthumu yalishuka mpaka nikadhani atanyanyuka twende, na kama angenyanyuka ingekuwa ndiyo mwisho wa albamu na mwisho wa mengine pia. Hakunyanyuka.

"Ni kweli," akasema. "Nilitaka peke yangu. Nimeimba nyimbo za marehemu mpaka sauti imeota mvi, na mtu akiniona ananiita dada wa bendi. Nina jina nililopewa na baba yangu. Nataka kuliona limeandikwa mahali kabla sijafa. Kama hilo ni kosa, nimekosa. Lakini studio nimeshindwa, kaka. Siingii. Nimehesabiwa moja mbili kama mtoto wa chekechea. Usiponiita siwezi kuingia."

"Unataka peke yako," Batholomeo akasema polepole, "na peke yako huwezi."

"Ndiyo. Ndiyo hivyo."

Anyesi, aliyekuwa akichambua mlenda pembeni, akasema bila kuinua macho, "Mzee, acha maringo. Tangu uache kwenda mjini unawapigia mbuzi, na hata mbuzi wamechoka."

Batholomeo alicheka kwa pua. Aliviangalia viganja vyake, kisha akasema atakuja, kwa sharti kwamba jina lake lisiwekwe popote. Kuluthumu akasema hilo hawezi kulikubali. "Ulitaka solo," mzee akamjibu, "solo ndiyo hiyo. Ukiniweka mimi, itakuwa bendi."

Alikuja na gitaa lake kwenye mfuko wa unga. Castory alizima kinanda, kwa staha, hilo nampa. Tukaanza, na nisingependa kutia chumvi, lakini nyimbo zilijikunjua zenyewe. Batholomeo anabisha hodi, Kuluthumu anaingia, bega la kushoto limepanda kama zamani. Ila baina ya wimbo na wimbo mzee alikuwa akiviweka vidole kwapani. Nikamwambia Castory azime feni. Haikuwa imewashwa.

Wa mwisho tuliuacha wimbo unaoitwa Nimechelewa Saranda, wa mtu aliyefika stesheni akakuta treni imeondoka na mpenzi wake. Ndio wimbo wake Kuluthumu aupendao kuliko zote. Batholomeo akaanza vizuri, gitaa likazunguka, likazunguka, tukakaribia pale pa kuitwa. Kuluthumu akainamisha kichwa kulia.

Batholomeo akainua mkono wake kutoka kwenye nyuzi.

Aliuinua kwa makusudi, nilimwona. Mimi ambaye kazi yangu ni kufuata nikaacha kupiga pia, na chumba kizima kikawa kimya. Niliuona mgongo wa Kuluthumu ukikakamaa. Kichwa kilibaki kimeinama kidogo, kikisubiri, na mimi nikaogopa, naungama niliogopa, kwa sababu nilijua wimbo utampita. Kisha kichwa kikanyooka, akatazama mbele, akaingia. Hakuwahi na hakuchelewa. Sauti ilisimama yenyewe katikati ya kile chumba, haina pa kuegemea, halafu gitaa likaja chini yake na mimi nikalifuata gitaa.

Wimbo ulipokwisha Castory alisema, "Safi sana. Kuna pengo pale mwanzo, nitaliziba na kinanda."

Nilimtikisia kichwa, aliache. Kuluthumu alikuwa amemgeukia Batholomeo.

"Kaka Batho, uliniacha."

"Sikukuacha. Nilitoa solo," mzee akasema, akavinyoosha vidole vyake tuvione. Vifundo vilikuwa vimevimba, na kidole cha pete hakikunyooka. "Hivi kuna asubuhi haviamki, Mama Nasra. Nilivyosoma ule ujumbe nilidhani mmeshaligundua. Siku moja utasimama pale na mimi sipo. Nilitaka nisikie kama utaingia."

"Na kama nisingeingia?"

"Ningekuita. Mkono ulikuwa karibu."

Kuluthumu alilia, wala hakujificha. Batholomeo alishughulika sana kulirudisha gitaa kwenye mfuko wa unga, na Castory, ambaye ni mtoto mwenye akili, akatoka nje kupokea simu ambayo haikuita.

Albamu ilitoka. Jina ni Kuluthumu Mbwana, herufi kubwa, na chini yake hakuna jina jingine. Haijamfanya tajiri wala maarufu, ingawa sokoni wapo wawili watatu wanaomwita sasa kwa jina, naye huwapunguzia bei ya mapazia, jambo ambalo Sabrina anasema si biashara. Batholomeo haji tena Ijumaa. Kijana wa ridhimu anapiga solo, anajitahidi, na Kuluthumu hamwinamishii kichwa. Anatazama mbele.

Pale dukani huwa anaicheza albamu yake kwenye simu akishona. Wimbo wa Saranda ukifika kwenye kile kimya, wateja huinua vichwa vyao kutoka kwenye vitambaa, wakamwuliza kama simu yake imekata.

"Haijakata," huwajibu, cherehani ameisimamisha. "Hapo anapiga Mzee Batho."