Siku Niliyotafsiri Genge

Nafundisha Kiingereza katika sekondari moja karibu na Nyarugusu. Huku wanaokizungumza ni wachache, kwa hiyo mgeni akifika hutumwa mtu kuniita nikatafsiri. Likizo moja alikuja mtaalamu wa miamba kutoka Ghana, akifanya utafiti wa chuo chake juu ya wachimbaji wadogo. Nilizunguka naye kwenye machimbo, na mahali pa mwisho palikuwa kwenye duara la mama mmoja mjane.

Mama huyo aliachiwa duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na marehemu mumewe. Watu walidhani atauza, hakuuza. Mama alimkabidhi mdogo wa mumewe stoo ya mbale, yale mawe yenye dhahabu yanayosubiri kupelekwa kusagwa. Shemeji huyo alilala hukohuko stooni, na chakula aliletewa na watoto wa mama kutoka jikoni kwao.

Tulipofika nilimwamkia mama, akaitikia marahaba, akaingia moja kwa moja kwenye jambo lake.

"Mwalimu, hebu niulizie. Viroba tunavyosaga ni vilevile, lakini siku hizi dhahabu inatoka kidogo mno. Kwa nini?"

Mghana aliokota jiwe mlangoni pa stoo, akalimwagia maji ya chupa, akaligeuzageuza juani. Akajibu kwa maneno machache. Katika hayo nilisikia "gang", neno ambalo wanafunzi wangu wanalijua kuwa ni kundi la wahalifu.

"Anasema ni genge," nikatafsiri.

"Genge gani?"

Nikamuuliza Mghana. Akanyoosha mkono kuelekea stoo, ambayo mlango wake ulikuwa wazi na shemeji ameketi juu ya ndoo kizingitini. Akasema humo ndani limejaa. Na hilo nalo nikalitafsiri kama lilivyo, ingawa nilianza kuona ajabu.

Mama aligeuka taratibu.

"Umesikia, shemeji? Mtu kaja leo tu, tayari ameona. Mimi nilikuwa nanyamaza kwa heshima ya kaka yako. Kumbe wala si wewe peke yako!"

Vijana waliokuwa wakivuta kamba ya duara waliacha kuvuta. Shemeji akasimama.

"Unaniita mwizi, shemeji?"

"Mimi nimesema? Kasema mgeni."

Shemeji alitoa funguo za stoo mfukoni, akaziweka juu ya ndoo, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani.

Mghana akataka kujua kumetokea nini. Nilipomweleza alishika kichwa, kisha akachukua kijiti na kuandika mavumbini: *gangue*. Akanieleza kwamba linatamkwa sawasawa kabisa na lile lingine, maana zile herufi mbili za mwisho hazisikiki. Ni jina la mawe yanayoshikamana na dhahabu ndani ya mwamba, ila yenyewe hayana kitu. Mshipa wa dhahabu katika duara lile ulikuwa umekonda, kwa hiyo vijana walikuwa wakipandisha mawe matupu mengi kuliko zamani. Hakuna kilichoibwa.

Nilikuwa sijapata kuliona neno lile mahali popote. Nilimweleza mama yote, akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ni mawe tu?"

"Ni mawe tu, mama."

"Basi mbona hukusema mawe?"

"Nilisikia genge."

Akakaa juu ya kiroba. Akasema, "Kama nisingekuwa na jambo hilo moyoni, ningekuuliza mara mbili."

Simu ya shemeji ilikuwa imezimwa. Baadaye tukasikia yuko Runzewe kwa rafiki yake, fundi pikipiki. Jumapili moja baada ya ibada mama alikuja kwangu akiwa tayari kwa safari.

"Twende wote, mwalimu. Neno lile ulilileta wewe, utalieleza wewe. Yangu nitayasema mwenyewe."

Tulimkuta na mikono ya oili. Alituamkia bila kuinua macho. Nikaeleza makosa yangu, na nikayatamka maneno yote mawili, moja baada ya jingine, kama mama alivyotaka.

"Mbona ni neno moja?"

"Kwa kusikia, ndiyo. Yanatofautiana yakiandikwa."

"Waingereza nao!" akasema, akacheka kidogo. Kisha akamgeukia mama. "Haya, neno nimelielewa. Ila wewe, shemeji, ulianza kunidhania lini?"

Mama hakukwepa. "Tangu viroba vilipoanza kutoa kidogo."

"Na chakula ukawa unanipakulia."

"Nilikuwa nakupakulia."

Nikatazama pembeni. Fundi mwenye banda aliinuka akajifanya anatafuta spana.

"Nisamehe," mama akasema. "Ilikuwa nikuulize, sikukuuliza."

Shemeji alijifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu. Akasema amesamehe, lakini stooni atafutwe mtu mwingine. Mama alijaribu kumbembeleza, yeye akatikisa kichwa. Alitununulia soda, akatusindikiza stendi, akatuagiza tuwasalimie watoto.

Pale kwenye duara sasa kuna akina mama wanaochambua mawe kabla hayajapelekwa kusagwa, kama Mghana alivyoshauri. Yale matupu wanayaita "gangi", na nimewasikia wachimbaji wa maduara ya jirani nao wakisema hivyo. Mimi nikitafsiri, na neno likaja nisilolijua au likakaa vibaya mahali pake, nasimamisha mazungumzo na kuomba liandikwe. Wageni wengine hukereka.

Shemeji hakurudi stooni. Amefungua banda lake mwenyewe Runzewe, na shule zikifungwa watoto wa kaka yake huenda kukaa naye. Mama huwapeleka mwenyewe, akalala siku moja, kisha akarudi kwenye duara lake.