Kiingereza cha Kungoja Mkono

Pi, pi, piii! Milio ile mitatu ya redio kabla ya kipindi cha Kiingereza naisikia vizuri hadi leo. Mwalimu aliiweka redio juu ya meza, nasi wa darasa la nne, kule Matsangoni, tukatulia kana kwamba mgeni ameingia. Sauti ya redioni ikiuliza swali, inanyamaza kidogo. Hapo hujibu mpaka mwalimu anyanyue mkono. Ukimtangulia, unamaliza kipindi umesimama. Akinyanyua, darasa zima tunaijibu redio kwa pamoja, hadi mbuzi wa jirani wanashtuka. Nilikipenda kipindi kile, jamani! Niliamini kabisa kwamba yule mama wa redioni anatusikia.

Mama yangu alikuwa dobi katika hoteli moja huko Watamu, ikatokea nafasi ya kazi ya kusafisha na kupanga vyumba vya wageni. Aliitamani sana, sabuni ilikuwa imeshamla vidole. Ila meneja angemuuliza maswali kwa Kiingereza.

"Nifundishe, mwalimu," akaniambia huku akikuna nazi.

"Simama basi! Mwanafunzi gani anajibu amekaa?"

Nikamfundisha kama nilivyofundishwa. Nauliza, nanyamaza, nanyanyua mwiko, ndipo anajibu. Akiutangulia mwiko, namrudisha mwanzo.

"We mtoto una roho ngumu!" alikuwa akicheka.

Baada ya wiki mbili akawa hakosei hata swali moja.

Siku ya kuulizwa alirudi mapema, akaketi mlangoni bila kuvua viatu.

"Maswali yote nilikuwa nayajua," akasema.

"Ukayajibu?"

"Nilimngoja anyanyue mkono. Yeye ananitazama usoni, mimi namtazama mikono. Mwisho akasema asante, niitie anayefuata."

Tukaangaliana. Akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka naye. Nafasi alipewa mwingine.

"Zitatokea nyingine," akasema akijipangusa. "Ila mwalimu wangu naye ajirekebishe."

Kesho yake alirudi kwenye mashuka yake. Mimi nilikuwa nikienda dukani, peke yangu, pale mzungu mmoja mwenye baiskeli aliposimama kando ya barabara akaniuliza kwa Kiingereza njia ya kwenda baharini. Hata hajamaliza kuuliza, nilikuwa nimeshamjibu.