Maua Jirani, Bila Nafasi Katikati

Ndugu zangu, nilikosea, tena nilikosea nikiwa nimetoka kusali. Naanza na hilo ili nisije nikajitetea nikifika katikati.

Mimi ni mzee wa kanisa huku Nkoaranga. Naishi na mkwe wangu, nitamwita Neema, mjane wa mwanangu. Alikuwa anapanda maua kando ya migomba na kutengeneza mashada ya harusi na misiba. Ndiyo kazi iliyokuwa inamlisha. Wateja wake wengi wako mjini Arusha, kwa hiyo akataka tovuti.

Kazi ya kutafuta jina nikaichukua mimi. Hakuniomba! Nilifunga, nikaomba, nikapata Maua Jirani, kwa sababu ya ile amri ya kumpenda jirani. Nikaingia kwenye tovuti ya kampuni inayosajili majina, nikaliandika, likatokea neno la kijani: linapatikana. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Niliona ndilo jibu lake.

Jina la tovuti halina nafasi wala herufi kubwa. Maneno yanabanwa: mauajirani. Nilikuwa nimeacha namba yangu ya simu, na kabla sijalipia, binti wa huduma kwa wateja wa ile kampuni akanipigia.

"Shikamoo mzee. Hili jina, hutaki tuweke kistari katikati?"

"Marahaba. Kistari cha nini? Jina limekamilika."

"Sawa mzee, ila ukishalipia halirekebishwi. Itabidi ununue jingine."

Nikalipia. Haraka ya nini, mtu mzima kama mimi!

Jioni nikamwonyesha Neema. Akasoma, akasoma tena.

"Baba, mbona hapa panasomeka mauaji?"

"Wapi?"

"Hapa mwanzo. Mauaji, halafu rani. Sijui huyo Rani ni nani, labda ndiye aliyeua." Akacheka kidogo, akidhani nami nitacheka.

Sikucheka. Nikamwambia, "Anayekusomea hivyo ni Shetani, mwanangu."

Mjane, ndani ya nyumba yangu, nikamwambia hivyo! Hakulitaja tena. Jina likachapwa kwenye utepe wa kila shada, kwa herufi ndogo kama lilivyo.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Watu waliotujua walisoma tulichokusudia.

Kisha ikaja oda ya msiba wa huko mjini, mtaa wa Engutoto. Kijana alikuwa amevamiwa njiani na kuuawa. Sisi hatukuambiwa alivyokufa, tuliambiwa mashada tu. Nikamsindikiza Neema kuyapeleka. Tulipoyaweka karibu na jeneza, mama wa marehemu akashika utepe.

"Nani ameandika mauaji kwenye maua ya mwanangu?"

Watu wakageuka. Shangazi mmoja akapaza sauti, "Hawa wamekuja kutucheka!"

Nilikuwa pale, kofia mkononi. Jibu nilikuwa nalo, mdomo haukufunguka. Neema akapiga magoti.

"Nisamehe mama. Kosa ni langu."

Nami nikamwacha aseme hivyo! Mzee wa kanisa!

Mtu akaupiga picha ule utepe, picha ikazunguka kwenye magrupu ya simu mjini kote. Oda zikakoma. Nilimwambia Neema tununue jina jingine, hata lenye kistari. Akasema, "Hapana baba, imetosha." Maua yaliyokuwa shambani yalichanua, yakanyauka yenyewe.

Sasa anakata maua kwenye shamba la watu. Kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo baba." Ananiwekea chakula. Hajanilaumu hata mara moja. Laiti angenilaumu! Nikisali maneno yanatoka, lakini ndani hakuna kinachosogea. Namshukuru Mungu kwa mazoea, nikingoja moyo urudi.

Wewe unayetaka kusajili jina la tovuti, usilipie siku hiyohiyo. Liandike likiwa limebanwa, mpe mtu asiyejua ulichokusudia alisome kwa sauti. Akisoma kitu kingine, mwamini yeye. Usimpachike Shetani. Na kama kazi si yako, mwenye kazi achague jina lake!

Na mama wa Engutoto, kama haya yatakufikia: yule binti aliyekupigia magoti hakuandika chochote. Ni mimi, mzee niliyekuwa nyuma yake, kimya.