Katuni za Jumamosi kwa Mama Yasmini

Juzi binti yangu aliongeza sauti ya katuni, nikamkaripia bila kosa. Nilikumbuka Jumamosi moja kule Mafiga, mama yangu alipokuwa mgonjwa, nikapelekwa asubuhi kutazama katuni kwa jirani yetu, Mama Yasmini. Sebule yake ilinukia udi na maandazi. Ghafla aliingia, akafunga madirisha, akaongeza sauti mpaka vikombe vikatetemeka kabatini.

“Tazama tu, mwanangu. Leo hakuna wa kukukataza.”

Nilidhani ni zawadi, nikacheka kwa nguvu. Sasa najua kwamba vilio vilikuwa vimeanza nyumbani kwetu. Mama alikuwa amefariki.

Adhuhuri baba alikuja kunichukua.

“Baba, subiri katuni iishe,” nilimwambia.

Alikaa mkekani kando yangu, akasubiri.