Ndege za Kipawa na Trekta la Mzee Nassoro

Leo naweza kucheka, lakini aibu ya siku ile ilinipitisha vichochoroni mwezi mzima kama mtu aliyeiba kuku wa imamu, na yote yalitokana na jambo moja nililoliamini kwa moyo wangu wote, mie mwenye cheti cha shule ya jioni chenye muhuri: kwamba ndege zinapotua kiwanjani Kipawa hufyonza nguvu ya dizeli yoyote iliyo chini yake. Ndiyo. Msinikodolee macho. Aliyeniambia ni mtani wangu Rajabu, Mnyamwezi, dereva wa lori, mtu mzima mwenye ndevu zake na wake wawili. Alisema dizeli ni kama marashi, ukiiacha wazi majimaji yanabaki lakini nguvu inapanda juu, na huko juu kuna wenye kuingojea.

"Wewe umewahi kuiona ndege imesimama angani inatia mafuta?" akaniuliza.

Nikasema sijaiona.

"Basi inakula wapi?"

Hoja hiyo ilinimaliza. Kule shule ya jioni tulifundishwa kwamba hoja ikikosa jibu ndiyo kweli yenyewe (au pengine mie ndiye niliyeelewa hivyo, maana nusu ya masomo nilikuwa nasinzia).

Miaka hiyo ya Mwingereza nilikuwa kibarua katika shamba la Mzee Nassoro, Mwarabu wa pale pale Kipawa, mwenye duka, minazi na mihogo isiyo na mwisho. Akanunua trekta dogo la dizeli na tela lake, dogo kiasi kwamba ukilitazama kwa mbali ungedhani ni mbuzi amebeba masufuria, lakini kwa nguvu, wallahi, lingeweza kuing'oa Kipawa na kuitua Kisarawe. Dereva wake wa kwanza akarudi kwao Kilwa, na kwa kuwa shambani hakuna mwingine aliyeweza kusoma kijitabu cha Kiingereza kilichokuja na mashine ile (nimesema kusoma, sikusema kuelewa), nikapandishwa mie kwenye kile kiti cha chuma, kwa majaribio. Sharti la Mzee lilikuwa fupi.

"Hamisi, Jumamosi utawapeleka watu wa Bi Tatu harusini Buguruni. Trekta likirudi kwa miguu yake, wewe dereva. Likirudi linavutwa na punda, jembe lako liko palepale ulipoliegemeza."

Sasa huyo Bi Tatu si mtu wa kupita tu. Ni mjane aliyekuwa akiuza mafuta ya taa kibarazani kwake, na ni mama yake Zuhura, na kwa Zuhura nilikuwa nimekwisha peleka posa. Barua ya posa niliiandika kwa mkono wangu, mwandiko wa kulalia kidogo kama tulivyofundishwa, na humo ndani nilisema mposaji ni dereva. Sikusema wa majaribio. Jibu lilikuwa halijatoka. Na harusi yenyewe ilikuwa ya Shaweji, kaka yake Zuhura, anaoa Buguruni, nikaha baada ya sala ya alasiri. Kwa hiyo ndani ya tela moja nilipakia kazi yangu, mke wangu mtarajiwa, mama yake, kaka yake, na ukoo mzima uliokuwa ukinichungua kama watu wanaonunua ng'ombe.

Asubuhi ile nikaamua trekta lipate huduma kamili, lisije likanitia haya. Nikamwaga oili ya zamani nikatia mpya, nikaosha chujio la hewa, nikabadili chujio la dizeli, nikalegeza skrubu na kuitoa hewa yote mpaka dizeli ikaja safi haina hata povu moja. Hayo yote niliyafanya barabara, hata leo nayasimamia. Ningeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nikauchukua mfuniko wa tangi niufute vumbi, nikaona katikati yake kitundu, chembamba kama tundu la sindano. Na wakati huohuo, Mungu naye ana mizaha yake, ndege ikapita juu ya minazi, vuuuu, inakwenda kutua.

Moyo ukanilipuka. Loo! Kumbe siku zote hizi tunawalisha!

Nikakimbilia nta ya fundi viatu, nikaipasha kwa kiberiti, nikakiziba kile kitundu, nikaisugua kwa kidole gumba mpaka ikang'aa kama jino la dhahabu. Hakuna aliyenituma. Nilijituma mwenyewe, na nikajipa hongera mwenyewe.

Safari tuliianza kwa vigelegele. Shaweji kavaa joho na kanzu nyeupe inayoumiza macho, Bi Tatu kakaa mbele kabisa ya tela, nyuma yangu, kajifunika kanga mpaka puani, na Zuhura katikati ya shangazi zake ananitazama kisogo (nilikuwa nimekinyoa kwa ajili hiyo). Trekta likaimba. Nikawapungia watu mkono njia nzima, hata wale wasionitazama.

Hatujafika Vingunguti, likaanza kukohoa. Likashusha sauti, likapandisha, likatingishika kama mgonjwa wa homa, likatoa pumzi moja ndefu, likazima.

Nikashuka kwa madaha. Nikafungua mfuniko nione kama mafuta yamo, na mfuniko ukatoa sauti: fyuuuu! Kama mtu aliyekuwa akibanwa shingo. Nikatazama juu. Moyoni nikasema, nguvu hiyo inatoroka! Nikafunga upesi, nikakaza mpaka mkono ukaniuma, kisha nikafungua bomba la dizeli nikalipuliza kwa mdomo (ladha yake bado naijua), nikatoa hewa, nikawasha. Likawaka kama halijawahi kuugua.

"Uchafu tu kwenye bomba!" nikatangaza, midomo ikinuka dizeli. Wakashangilia.

Nyuma yangu nikamsikia Bi Tatu akimnong'oneza mwanawe: "Shaweji, mwambie huyo kijana auangalie ule mfuniko."

Hapa lazima niwaeleze. Kwetu mposaji na mama wa msichana hawazungumzi ana kwa ana kabla jibu la posa halijatoka, ni utovu wa adabu, kwa hiyo yeye aliniletea neno kwa mwanawe, nami nikarudisha neno kwa mwanawe, huku tumekaa umbali wa mkono mmoja na kila mtu amemsikia mwenzake vizuri.

"Mama anasema uuangalie mfuniko," akasema Shaweji.

"Mwambie mama asiwe na wasiwasi, mfuniko nimeushughulikia mie mwenyewe."

Tukaenda kama robo saa. Likakohoa tena. Likatingishika tena. Likafa tena.

Safari hii watu walishuka kunizunguka, na nikaona heshima yangu inavuja, basi nikatoa kile kijitabu cha Kiingereza, nikakifungua popote, nikasoma kwa sauti ya mhubiri. Mjomba mmoja akatikisa kichwa kwa kustaajabu elimu. (Baadaye nilipata kujua kwamba ukurasa ule ulieleza jinsi ya kulihifadhi trekta wakati wa theluji.) Nilipomaliza theluji yangu nikafungua mfuniko: fyuuuu! Na juu yetu, enyi watu, ndege ikapita chinichini, karibu ningehesabu misumari yake.

"Inafyonza! Inafyonza!" nikapiga kelele, nikaukumbatia mdomo wa tangi kwa mikono yote miwili, kifua juu yake, kama kuku juu ya mayai.

"Nani anafyonza?" akauliza mjomba.

"Hayo ni mambo ya ufundi," nikasema. Nikafunga. Nikawasha. Likawaka! Nikatangaza kwamba uzito ulizidi, wanaume watembee. Wakatembea, viatu vyao vya harusi vikizama mchangani.

"Shaweji," nikasikia nyuma yangu, safari hii sauti si ya kunong'ona, "mwambie huyo dereva wa barua ya posa kwamba nina macho."

Zuhura akacheka. Alicheka kidogo tu, kwa pua, lakini nilikisikia kicheko kile kikiingia katika kisogo kilichonyolewa.

Basi tungefika hivyohivyo kwa kukohoa, lau si reli. Trekta lilipandisha tuta taratibu, magurudumu ya mbele yakavuka chuma cha kwanza, na palepale, katikati ya njia ya treni, likazima. Mtu mmoja, sijui nani na Mungu amsamehe, akasema, "Nasikia king'ora." Treni yenyewe nadhani ilikuwa bado inakunywa maji Morogoro, lakini nani angengoja kuhakikisha? Kina mama waliruka kutoka kwenye tela kama mbaazi zinazopasuka juani. Shangazi mmoja mnene aliyepandishwa asubuhi kwa msaada wa watu wanne, akashuka peke yake na kufika chini kabla yangu.

"Sukumeni!" nikalia.

Wanaume wakasukuma. Mzigo mzito, tuta lina mchanga, na bwana harusi mwenyewe, kijana mwenye moyo, akavua viatu, akaingiza bega chini ya bodi ya tela. Tukalivusha. Alipoinuka, joho lake lilikuwa na kiganja cheusi cha oili mgongoni (kiganja changu, nilimpiga kumhimiza), na kanzu imekuwa ya rangi ambayo haina jina.

Na nani walikuwa wanatoka Buguruni na ngoma zao kutulaki? Watu wa bibi harusi.

Ngoma ikakatika. Mwanamke mmoja mwenye sauti ya kuita watu shamba la jirani akauliza, "Jamani, bwana harusi yuko wapi?"

"Huyo anayesukuma," akajibu mjomba.

"Alaa! Sie tulitaka mume, mmetuletea hamali?"

Walicheka wote, wao na sie. Na juu ya vicheko vile ikapanda adhana ya alasiri. Shaweji akanitazama. Nikarudi kwenye tangi, nikafungua mfuniko, fyuuuu, nikatupa macho mbinguni, na nilipotaka kuufunga, mkono wenye bangili ukanishika kifundo cha mkono.

Alikuwa Bi Tatu. Kanga imeshuka usoni. Ananitazama machoni, mchana kweupe, mbele ya koo mbili.

"Usifunge," akasema. Kwangu mie. Bila Shaweji.

"Mama, nguvu itatoroka."

"Itoroke."

"Lakini ndege..."

"Mara mbili limezima, mara mbili umefungua huo mfuniko, mara mbili limepona. Hukuliponya kwa mdomo wako wala kwa kitabu chako. Panda, washa, twende wazi."

Nikapanda. Shaweji akavua kofia yake akaifunika juu ya mdomo wa tangi, vumbi lisiingie, na tukaondoka, mie nikingoja kila dakika nguvu iniishie. Haikuisha! Trekta likaimba kutoka relini mpaka mlangoni kwa bibi harusi, halikukohoa hata mara moja. Tulifika watu wakitoka msikitini. Shaweji akapewa kanzu ya kuazima, fupi, inayoonyesha vifundo, nikaha ikasomwa, na hamali akapewa mke wake. Mie nilikaa nje karibu na trekta, sikuweza kula pilau (nilikula sahani mbili tu), nikiisikiliza injini ikipoa kama mtu anayesikiliza mgonjwa akipumua.

Tuliporudi Kipawa jua halijazama. Mzee Nassoro alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake, mikono nyuma. Alisikiliza injini kwanza. Kisha akatazama tangi.

"Na hiyo kofia?"

"Inazuia vumbi, Mzee."

Akalizunguka trekta zima, nami nikaliona jembe langu, mpini wake, hata ufa wake. "Limerudi kwa miguu yake," akasema mwishowe. "Jumatatu uje mapema." Nikalishika gurudumu kulishukuru. Na nilipolishika nikaweka nadhiri, na naishika hadi leo, kwamba sitaziba kitu ambacho sijui kwa nini kimeachwa wazi.

Nilikuwa naondoka nilipoitwa kutoka kibarazani. Bi Tatu alikuwa amekwisha vua nguo za harusi, amekaa na debe lake la mafuta ya taa, na chupa ya mteja mkononi. Nikasema, basi, jibu la posa ndilo hili. Nikasogea, nikaamkia, "Shikamoo, mama," nikasimama kama mshitakiwa.

"Marahaba. Tazama hapa."

Debe lilikuwa na matundu mawili juu, moja pembe hii, jingine pembe ile. Akaliinamisha, mafuta yakatiririka chupani. Akaliziba lile tundu la pili kwa kidole gumba. Mafuta yakasitasita, yakakohoa (yakakohoa vilevile, jamani!), yakabaki tone, yakakatika. Akatoa kidole, yakatiririka. Akaziba, yakakatika. Na mie tangu nina miaka sita natumwa kununua mafuta kwenye debe la namna hiyo, na sikuwahi kuuliza tundu la pili lina kazi gani.

"Na ndege, mama?" nikauliza, kwa sauti ndogo sana, nikamweleza yote, maneno ya Rajabu wa lori na ile nta ya kwenye kitundu cha mfuniko.

"Ndege zinatiwa mafuta zikiwa chini, kama lori la huyo mtani wako. Tangi lataka hewa iingie ndipo mafuta yashuke, na kile kitundu ndicho mlango wake. Usikizibe tena, mkwe."